Masomo Yaliyokoma Siku ya Idd

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila Idd inapopita, mwanangu, na mwaka huu imenirudia mapema kwa sababu yako. Juzi ulinisindikiza msikitini kwa swala ya Alasiri, tukakuta safu moja na nusu mahali ambapo wiki iliyotangulia watu walitandika mikeka mpaka barabarani. Tulipokuwa tunavaa viatu ukaniambia, "Mzee, mimi naona afadhali niache kabisa kuliko kuwa Mwislamu wa mwezi mmoja." Sikukujibu pale pale. Jibu lake ni refu, na magoti yangu yalikuwa yanataka kiti.

Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe, karibu kama ulivyoyasema, nilipokuwa na umri wako. Kaa basi nikueleze yaliyofuata.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Eldoret haikuwa hii unayoiona. Kapsoya ilikuwa mahindi na ng'ombe. Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na watu kutoka upande wa kati wa nchi walikuwa wanafika kila wiki na masufuria, kuku na watoto, wakinunua hisa katika makampuni ya mashamba. Marehemu baba yangu alikuwa na lori. Wengi wa watu hao waliteremka mara ya kwanza kutoka lori letu, na kutoka Kiplombe mpaka Munyaka hakukuwa na geti ambalo hatukulijua.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, nangoja barua ya kazi ya ualimu. Nilikuwa nauliza kila kitu. Kwa nini tufuate mwezi wa angani wakati kalenda ipo? Kwa nini Mungu ahitaji njaa yangu? Kwa nini mtu anayepunja mizani mwaka mzima alie machozi usiku wa ishirini na saba? Baba alikuwa ananisikiliza huku anamega anjera, mkate wetu laini wa Kisomali, kisha anamwambia mama, "Huyu tulimpeleka shule akalete majibu. Amerudi na maswali peke yake."

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja katika Ramadhani. Kila mtu alichagua kazi moja ya kuwafanyia wengine, akaifanya kila siku mpaka mwezi uishe. Mama alikuwa anapika uji wa walinzi wa maduka. Dada yangu alifua mikeka ya msikiti. Mwaka huo nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Ayeeyo kama Wasomali wanavyowaita nyanya zao, aliniuliza mimi nimechagua nini.

"Mimi sina kitu, Ayeeyo."

"Una kichwa. Kimejaa mpaka kinamwagika. Nenda umwagie mtu mwingine, sisi tumelowa."

Ayeeyo alikuwa anauza maziwa nje ya soko. Pembeni yake aliketi Mama Nyambura, mjane Mkikuyu wa miaka arobaini na kitu, akiuza maharagwe na sukuma wiki. Walikuwa wamekaa jirani miaka mitatu, wanachungiana bidhaa, wanatukanana kwa upendo. Mama Nyambura alikuwa amenunua hisa katika kampuni iliyochukua shamba moja upande wa Kiplombe. Shamba lilikuwa limepimwa na kukatwa vipande, na kila mwanachama angeokota karatasi yenye namba kutoka ndani ya kopo. Namba utakayookota ndiyo ardhi yako. Baadhi ya vipande vilikuwa vimeshuka mpaka kijito, udongo mweusi. Vingine vilikuwa juu kwenye mawe.

Mama Nyambura hakujua kusoma hata moja. Alikuwa amesikia kwamba katika shamba jingine, mama mmoja aliokota namba nzuri, akampa karani amsomee, na karani akamsomea nyingine.

"Mimi nataka kuona namba yangu na haya macho," akaniambia siku ya kwanza, akiyagusa kwa vidole viwili. "Sitaki kuambiwa."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya Ramadhani. Kila siku baada ya Alasiri mpaka karibu na magharibi, tulikaa nyuma ya kibanda cha Ayeeyo, kreti la soda likiwa meza, karatasi za mifuko ya sukari zikiwa daftari. Ulikuwa msimu wa mahindi mabichi, na Mama Nyambura alipenda kutafuna la kuchoma mchana kutwa, lakini nikifika alilificha chini ya gunia. "Siwezi kula mbele ya mwalimu amefunga," alikuwa anasema. Sikumwambia kwamba siku nyingine mwalimu alikuwa anafunga kwa sababu tu anaogopa macho ya baba yake.

Alijifunza polepole. Vidole vilivyozoea jembe havipendi penseli. Moja aliiita fimbo. Nne ilikuwa kiti kimegeuzwa juu chini. Tano ilikuwa mzee mwenye tumbo na kofia.

"Kama yule mwenye duka la nyama," Ayeeyo akasema.

"Yule ni kumi na tano, mama. Matumbo matatu!"

Kila namba ilituchukua siku nne au tano, kwa sababu sikutaka akariri tu. Nilitaka aweze kuisoma popote itakapokuwa, mbele au nyuma ya nyingine. Mwezi ulipoonekana tulikuwa tumefika sita. Siku ya Idd alikuja nyumbani na fungu kubwa la sukuma wiki, akasimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani.

"Jumatatu tunaanza saba, mwalimu?"

"Tutaona," nikasema. Nilikuwa na kanzu mpya, na marafiki walikuwa wananingoja nje.

Jumatatu sikwenda. Ukiniuliza sababu, sina. Sikukaa chini nikaamua kumwacha. Kazi ile ilikuwa imefungwa na mwezi, na mwezi ulipokwisha ilianguka yenyewe, kama vile daku na tende zilivyoisha. Alasiri nililala. Kesho yake nikaenda kunywa chai mjini na vijana wenzangu, tukabishana kuhusu serikali.

Siku ya nne baada ya Idd nikaenda msikitini kuswali Magharibi. Walikuwa watu kumi na wanane bila mimi, niliwahesabu. Baada ya swala Maalim wetu, mtu mpole mwenye sauti ndogo, alitukumbusha zile siku sita za Shawwal, kwamba anayefunga Ramadhani kisha akazifuatisha anapata ujira kama wa mwaka mzima. Nikainua mkono.

"Maalim, wale watu waliojaa hapa wiki jana wako wapi?"

"Wako kwenye shughuli zao."

"Na Mungu wa Ramadhani, naye yuko kwenye shughuli zake? Kama ibada yao ilikuwa ya kweli, ingekwisha siku moja na mwezi?"

Watu wakacheka kidogo. Dereva wa baba yangu, aliyekuwa nyuma, akasema, "Profesa ameanza." Maalim hakukasirika. Akaniambia, "Swali lako ni zuri. Njoo nalo kesho alfajiri, tukikosa jibu angalau tutakuwa kumi na tisa."

Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikamwambia Ayeeyo kwamba mimi si mnafiki kama wale, na kwamba mtu mwenye mashaka akiacha swala waziwazi ni mkweli kuliko anayeswali mwezi mmoja. Nilijiona nimefikiri vizuri sana. Ayeeyo alikuwa anasafisha vibuyu vyake vya maziwa. Akanijibu neno moja tu: "Mama Nyambura amekuuliza leo."

"Kesho nitaenda."

Mama Nyambura aliniulizia kwa Ayeeyo siku tatu, karatasi zake zimekunjwa ndani ya leso. Siku ya nne hakuuliza tena. Mimi nikadhani amechoka kusoma, na nikafurahi kidogo, mwanangu, kwa sababu mtu uliyemwacha akinyamaza unajiambia kwamba naye hakuwa anakutaka.

Wiki mbili zikapita. Siku moja asubuhi dereva wa baba akawa na homa, na baba akanituma niendeshe lori mimi, nipeleke wanachama wa kampuni shambani Kiplombe. Ilikuwa ndiyo siku ya kuokota namba. Nilimwona Mama Nyambura akipanda nyuma na wenzake. Akanisalimia kwa heshima, "Habari ya asubuhi, mwalimu," nami nikamjibu huku natazama usukani.

Mkutano ulikuwa kwenye nyasi mbele ya ghala la yule mzungu aliyeondoka. Meza moja, viti vitatu, karani na daftari lake, na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa karatasi. Mimi nilibaki ndani ya lori, mlango umefunguliwa, nasoma gazeti. Kutoka pale mpaka kwenye meza hazikuwa hatua mia moja. Nilikuwa nasikia majina yakiitwa. Nilisikia na jina lake. Nikageuza ukurasa.

Tulirudi mjini saa tisa. Nyuma walikuwa wanaimba, wengine wanapiga vigelegele, kila mtu anataja namba yake kama jina la mtoto aliyezaliwa. Nilipoegesha karibu na soko wakashuka wote, wakatawanyika. Mama Nyambura akaja upande wa mlango wangu. Mlango ulikuwa umejaa vumbi la barabara. Akainua kidole, akachora juu ya vumbi lile kwa uangalifu, kama nilivyomfundisha kuchora, kutoka juu kwenda chini: duara dogo, na chini yake duara jingine, yameshikana.

"Mwalimu, hii ni ngapi?"

"Hiyo ni nane."

"Na ikiwa na nne mbele yake?"

"Arobaini na nane."

Akakitazama kile alichokichora. Kisha akasema taratibu, "Karani amesoma arobaini na moja."

Nikashuka kwenye lori. Nikamuuliza ana hakika? Akasema nne aliiona, ile ya kiti. Ya pili hakuijua, lakini moja anaijua, na ile haikuwa moja. "Moja ni fimbo. Hii ilikuwa na macho mawili. Nilijua sio moja. Lakini sikujua ni ngapi. Sasa mtu atabishana na nini? Nilisema, hii sio moja. Akaniuliza, haya mama, basi ni ngapi? Watu wakacheka. Nikaweka kidole kwa wino."

"Na karatasi iko wapi?"

"Aliirudisha kwa meza."

"Mama, kwa nini hukuniita? Nilikuwa pale pale!"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mshangao, mshangao wa kweli kabisa, si wa kunisuta.

"Si mwezi wenu umeisha? Nilifikiri dini yenu inakubali mfundishe watu mwezi huo tu. Sikutaka kukutia dhambini."

Nimesikia mawaidha mengi maishani, mwanangu, mengine kutoka kwa wanazuoni wakubwa. Hakuna neno lililonipata kama hilo. Mama yule hakuwa amesoma kitabu chetu hata ukurasa mmoja. Kitabu alichokuwa akikisoma ni mimi, na hivyo ndivyo alivyonielewa.

Kesho yake nilikwenda naye kwenye ofisi ya kampuni. Nilivaa tai. Karani akafungua daftari akatuonyesha alama ya kidole kando ya arobaini na moja. Mwenyekiti akaniuliza kama niliiona ile karatasi kwa macho yangu.

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani ya lori."

"Unafanya nini?"

"Nasoma gazeti."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, tena bila ubaya, "Basi wewe kijana na digrii yako ulikuwa pale hukusoma, na mama asiyejua kusoma ndiye tumwamini alisoma?" Karatasi zilikuwa zimeshachomwa. Arobaini na nane, ile ya kando ya kijito, ilikuwa imeandikwa jina la mtu mwingine. Sikuweza kuthibitisha lolote, na mpaka leo siwezi. Najua tu kwamba mtu hawezi kubuni nane asiyoijua.

Nilimweleza Ayeeyo yote, nikimlaani karani. Aliniacha nilaani mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Karani atajibu ya karani. Wewe mwezi mzima umeuliza maswali. Mimi sijasoma, nina moja tu. Uliona safu ya msikitini imepungua, ukasema dini ya wale watu ni ya uongo. Mama Nyambura ameona mwalimu hayupo. Yeye aseme nini?"



"Na jingine," akaongeza, ingawa alikuwa ameahidi moja. "Unasema huwezi kuswali kwa sababu moyo una mashaka. Ulipokuwa unamfundisha tano, moyo wako ulikuwa safi?"

"Hapana. Siku nyingine nilikuwa nawaza chai tu."

"Na tano ilikuwa ngapi?"

Ilikuwa tano, mwanangu. Nia yangu ilikuwa na mawingu na tano ilikuwa tano. Na kama ningekwenda zile wiki mbili na mashaka yangu yote, nikamfundisha saba kwa uvivu na nane kwa kupiga miayo, yule mama angesimama mbele ya ile meza akasema, "Hii ni nane," na lile cheko lingekwisha palepale. Hakuhitaji mwalimu mwenye yakini. Alihitaji mwalimu aliyefika.

Shawwal ilikuwa imebakisha siku chache. Nilifunga zangu sita mfululizo mpaka mwezi ukaisha, na siku ya kwanza ya kufunga nikaenda nyuma ya kibanda cha maziwa na karatasi za mifuko ya sukari. Mama Nyambura aliponiona akauliza kama nimepewa ruhusa. Nikamwambia ruhusa ilikuwepo siku zote, aliyekosekana ni mimi. Akalisukuma hindi lake chini ya gunia. Tukaanza saba.

Baadaye sikuahidi kila siku, kwa sababu najijua. Niliahidi Jumatatu na Alhamisi, nusu saa. Barua ya kazi ilipokuja ikanipeleka shule si mbali na mji, na nusu saa hizo ziliendelea karibu miaka miwili, mpaka akawa anasoma Biblia yake mwenyewe na kunisahihisha hesabu. Kuhusu swala, nilianza kurudi kwa Alasiri, ile niliyokuwa nailalia, kisha nyingine zikafuata, na alfajiri ikawa ya mwisho kukubali. Maswali yangu niliyabeba nikaenda nayo. Maalim alitimiza neno lake: mengine alinijibu, mengine tulikaa nayo tu, watu kumi na tisa.

Usidhani ya Mama Nyambura yalitengenezeka yote. Aliishi juu ya arobaini na moja. Yeye na wanawe walizoa mawe misimu mitatu kabla mahindi hayajawa mahindi ya kuangaliwa. Wapimaji waliporudi kuweka mipaka, alisoma namba zake mwenyewe kwa sauti, na za wanawake wengine sita waliomwomba asimame nao, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Lakini kila kiangazi alibeba debe la maji kutoka kijitoni, na njia ilipita katikati ya arobaini na nane. Nilimwona mara nyingi. Hakuwahi kunilaumu, wala mimi sijawahi kuyatazama maji yale bila kujua mchango wangu.

Kwa hiyo, mwanangu, uliponiambia juzi unaona afadhali kuacha kabisa, nilikuelewa vizuri kuliko ulivyodhani. Unadhani unachagua kati ya unafiki na ukweli. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mtu aliyefunga siku thelathini hakuwa anadanganya siku hizo thelathini. Alikuwa ameonyeshwa tu kwamba anaweza. Uongo, ukiwepo, unaanza pale anapojifanya hawezi tena. Wala usiihesabu safu ya watu. Mimi niliwahesabu kumi na wanane na sikumhesabu yule mmoja aliyekuwa ananingoja kwenye kreti la soda.

Tazama ulichokuwa unafanya katika Ramadhani, kisha shika kipande chake ambacho unaweza kukibeba mpaka Ramadhani nyingine. Kama ulikuwa unasoma juzuu kwa siku, soma ukurasa. Kama ulisimama Tarawehe nzima, bakiza rakaa mbili kabla ya kulala. Zile swala tano usizipunguze, hizo si zetu kupunguza, lakini ukianguka katika moja usiziache nne kwa hasira. Funga sita zako, Shawwal bado ni changa. Tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo, na mimi nimeishi muda wa kutosha kuona sababu.

Na kama ulianza kumsaidia mtu katika mwezi ule, huyo ndiye wa kwanza. Yule mzee uliyekuwa unampelekea futari, nenda leo ukamwone. Usimwache akae kwake akijieleza kwa nini huji. Watu wema hutupatia udhuru tusioustahili, na kabla hawajamaliza kutupatia, namba imeshasomwa.

Nenda na mashaka yako kama unayo. Mwenyezi Mungu akupe mguu unaofika kabla moyo haujatulia, na moyo utakaotulia ukiwa umeshafika. Akutakabalie uliyoyafanya mwezi ule na akupe nguvu ya kuyaendeleza huu na ujao. Asikufanye sababu ya mtu kukosa haki yake, na akitaka kumfundisha mtu jambo kupitia kwako, akukute upo. Amin.